Maua Yaliyohama kwa Bwana Karani

Kwa miaka mingi niliamini, nikiwa na akili timamu na cheti cha shule ya usiku kimetundikwa ukutani, kwamba maua yanaweza kuhama nyumba. Si kwa kubebwa. Kwa kuondoka yenyewe, kama mpangaji aliyechoshwa na mwenye nyumba. Ilisemwa Changamwe nzima kwamba maua ya Bwana Karani huondoka kwake alfajiri, mvua inapokuwa kubwa na watu wamejifunika shuka, yakavuka kijia kwa mstari, mekundu mbele, ya manjano nyuma, yakashuka hadi kwenye mihogo ya jirani yake wa bondeni na kujipanda huko. Bawabu mmoja wa ghala aliapa wallahi kwamba aliyaona kwa macho yake mawili, na kwamba moja lilisimama katikati ya njia kupumzika, naye akasogea lipite. Nikamwuliza lilikuwa la rangi gani. Akasema la waridi. Hapo nikaamini kabisa, maana mwongo hakumbuki rangi.

Bwana Karani jina lake analo, na jamaa zake wanalijua, ila sisi hatukupata kulihitaji. Ukitaja Bwana Karani popote baina ya stesheni na uwanja wa ndege, watu walijua ni yule wa soksi ndefu. Asubuhi alipanda baiskeli akavuka Makupa kwenda afisini kwake kisiwani, kaptura imepigwa pasi hata mkunjo wake ungekata ndimu. Jioni alitufundisha kusoma sisi watu wazima, makuli na wapishi na mafundi, kwa chaki na kwa dharau. Miwani ya kusomea aliivaa hata anapokula, ili chakula kijue kinaliwa na nani. Mimi nilimaliza masomo nikiwa wa pili katika darasa zima, na wanaosema kwamba tuliomaliza tulikuwa wawili ni watu wenye husuda.

Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya kilima. Uwanja wake uliinamia bondeni kiasi kwamba chungwa likikuponyoka pale mlangoni hukujisumbua kulikimbilia. Ulishuka kwa utaratibu hadi kwa jirani, ukabisha hodi, ukaliomba.

Chanzo cha mambo yote kilikuwa bahasha. Mzungu wa afisini kwake aliletewa mbegu kwa posta kutoka kwao. Hata wakati ule wa vita, sukari ikiwa haba na vitambaa havionekani, mbegu za maua zilipita salama katikati ya manowari. Mkewe alipochoshwa na joto na bustani kwa pamoja, bahasha zikamwangukia Bwana Karani. Zinia, merigoldi, kosmosi, petunia. Mbele picha ya ua kubwa kama sinia, nyuma maelezo. Yote yalikuwa maua ya msimu mmoja: yanaota, yanachanua kwa fujo, yanazaa mbegu, yanakufa, na mwakani unaanza upya kana kwamba hukupata kufanya kitu.

Sisi watu wa pwani tunataka ua liwe na kazi. Asumini huvaliwa, mrihani hunukia, kilua hukaa kifuani mwa mwanamke hadi mumewe akasahau alichokuja kugombania. Zinia haina harufu hata ya kusingiziwa. Bibi mmoja alipewa moja, akainusa, akaigeuza, akainusa upande wa pili, kisha akauliza ilikufa lini. Bwana Karani hakutikisika. Alisema mchicha hupandwa na njaa lakini ua hupandwa na ustaarabu. Nasi tukautazama mchicha wetu kwa aibu, halafu tukaenda nyumbani kuula.

Nyuma ya kila bahasha, kwa Kiingereza safi, paliandikwa kwamba mbegu zipandwe mwezi wa Aprili. Msomaji wa pwani hapo amekwisha kucheka. Kule kwao, nimeambiwa, Aprili ni mwezi wa jua jembamba na ndege wadogo. Kwetu ni mwezi ambao mbingu hutoboka. Masika yakishuka Changamwe, mbuzi huogelea, na mtu akisahau sufuria nje huikuta Jomvu. Lakini kila Aprili, siku ya kwanza, Bwana Karani alitoka na reki, akalainisha udongo ukawa kama unga, akasia mbegu zake kwa mistari iliyopimwa kwa rula. Siku ya pili mvua ikanyesha.

Tulimshauri. Mzee mmoja mpanda mpunga alimwambia kwa adabu zote kwamba angengoja mvua ipungue, mwezi wa saba hivi. Bwana Karani akamwonyesha bahasha. "Hii imepigwa chapa," akasema. "Wewe umepigwa chapa?" Mzee akajitazama, akakiri kwamba hakupigwa.

Bahasha ilisema pia kwamba miche inyunyiziwe maji kidogo kila jioni. Basi kila jioni saa kumi na moja alitoka, mwavuli mkono wa kushoto, mkono wa kulia kopo lililotobolewa vitundu na fundi bati, akanyunyizia bustani ndani ya mvua. Mbingu zilimwaga pipa, yeye akaongeza kikombe. Watoto walipanga foleni chini ya ukingo wa bati kumtazama, na nilikuwepo na mimi, mtu mzima mwenye mke.

Matokeo yake ni kwamba bustani ya Bwana Karani ilikuwa bustani ya vibao. Kila mstari ulikuwa na kibao chake cha mbao nyeupe, jina limeandikwa kwa mwandiko ambao hata gavana angeuonea wivu: hapa zinia, hapa kosmosi, hapa merigoldi ndefu. Nyuma ya kibao, udongo mtupu uliooshwa na mvua. Jumapili baada ya ibada alitutembeza. Alisimama mbele ya kila kibao, akaeleza urefu wa ua, rangi zake na tabia zake, nasi tukautazama udongo na kuitikia kwa kichwa. Mzee wa kanisa alisema zinapendeza. Mimi siku moja nilisema naiona moja inachipua. Ilikuwa njiti ya kiberiti.

Nisimdhulumu, zilikuwako petunia tatu katika madebe barazani, mahali ambapo mvua haikufika. Zilikuwa zimekonda hata nzi akitua zinainama. Alizisalimu kwa Kiingereza kila asubuhi, kwa kuwa ndiko kwao, na alisema ua likilelewa kwa Kiswahili linakuwa jeuri. Sisi, tuliolelewa kwa Kiswahili, tulisemeshwa kwa Kiswahili, tena kile cha ukali. Kuku aliwachukia kuliko Wajerumani. Aliweka tangazo kwa lugha mbili kwamba kuku hawaruhusiwi, na kuku wa Changamwe, ambao hadi leo hawajasoma, wakawa wanalitumia kujikunia.

Ubahili wake ulikuwa wa namna ya peke yake. Mbegu akikupa, alikupa kiganja kizima, bure, na bahasha juu yake ili usipotee njia. Ua lenyewe hakumkatia mtu. Alipofiwa jirani yetu mmoja, wakaja kumwomba petunia moja ya kuweka kaburini, akasema maiti haoni na petunia inaona. Lakini mwaka huohuo kuli mmoja mgeni, mtu wa bara asiye na ndugu hapa, alipozidiwa na homa, ni Bwana Karani aliyempakia nyuma ya baiskeli na kumpeleka hospitali kisiwani, mvua ikinyesha, mgonjwa amefungwa kiunoni mwake kwa shuka asianguke. Hatukupata kumsikia akimtaja yule mtu tena. Soksi zilizoharibika siku ile alizitaja mwaka mzima.

Na ushirikina aliupiga vita. Alhamisi ilikuwa siku yake ya kuwasulubu waganga. Alituandikisha mara hamsini kwamba kila kitokeacho kina sababu yake, na mtu akichelewa kwa kisingizio cha jini, aliandika mara mia. Katika wanafunzi wake alikuwamo msichana mmoja tu, binti wa jirani yake wa bondeni, na Bwana Karani alimfundisha Jumamosi mchana, barazani, peke yake, bila kutaka hata yai. Kitabu cha kwanza cha binti yule kilikuwa bahasha za mbegu. Alijua kusoma "zinia" kabla ya kusoma jina la mama yake. Bwana Karani alisema ndicho kichwa pekee Changamwe kisicho na jiwe ndani.

Mama yake binti tulimwita Mama wa Bondeni. Alikuwa mjane, mtu wa upande wa Rabai, mrefu, mchache wa maneno, na shamba lake la mihogo lilikuwa chini kabisa ya uwanja wa Bwana Karani, matuta yake yamekingama moja baada ya jingine kama ngazi. Hakujua kusoma. Alijua jembe. Na kila mwaka, mwezi wa saba, mvua ikishapungua na jua likitulia, shamba lile lilishika moto. Zinia nyekundu baina ya mihogo, zinia za machungwa, za zambarau, merigoldi kama viini vya mayai, kosmosi zikicheza juu ya vikonyo vyembamba. Watu walipinda njia ya kwenda kanisani ili wapite pale. Marubani, kwa mujibu wangu mimi, waliinamisha ndege.

Yeye hakuyang'oa. Alipalilia muhogo, akapalilia na ua, kwa jembe lilelile. Lililolala alilifunga kwa ukili kwenye mti wa muhogo. Kichwa kilichonyauka alikinyofoa kwa kidole gumba, kama anavyofanya mchicha ili uchipue tena, na ua likachipua tena. Ukimwuliza, alisema mgeni aliyekuja mwenyewe hafukuzwi. Aliyetaka alikatiwa: mgonjwa, mfiwa, mtoto. Na kila jioni, akishamaliza kunyunyizia vibao vyake, Bwana Karani alisimama ukingoni mwa uwanja akatazama chini bondeni muda mrefu, mikono nyuma. Sisi tulisema ni uchungu.

Sasa, kama maua yanakufa juu na kuchanua chini, kila mwaka, na aliyepanda ni huyu na aliyevuna ni yule, watu wazima watasema nini? Wengi wetu tulikuwa Wakristo wa upande wa Rabai na Ribe na Kaloleni, tuliobatizwa vizuri, lakini kuna mambo ambayo maji ya ubatizo huyapitia juu juu. Tulisikia tangu utoto habari za dawa ya kuvuta, ile inayozikwa pembeni mwa shamba ikavuta mavuno ya jirani. Bawabu alipoongeza ushahidi wake, kesi ikawa imekwisha kabla ya kuanza. Mimi nilieneza habari hiyo kwa bidii. Nilipoipokea, maua yalikuwa yakitembea. Nilipoitoa, yalikuwa yakiimba.

Ingeishia kwenye porojo kama Mzungu wa bahasha asingekuja. Alikuja Jumapili moja ya mwezi wa nane kuona mbegu zake zilivyofanya. Bwana Karani akamtembeza kwenye vibao. Mzungu alitazama udongo, akatazama kibao, akatazama udongo. Kisha akainua macho akaona bondeni. Alishuka kilima na viatu vyake vizuri, akaingia katikati ya mihogo, akampa mkono Mama wa Bondeni, akamtikisa kwa furaha mpaka jembe likamponyoka. Bwana Karani alikuwa nyuma yake, ameshika mwavuli uliofungwa. Mzungu akageuka akamwambia jambo kwa Kiingereza, akicheka, na ingawa nilikuwa na miezi kumi tu ya Kiingereza, nilielewa: ati ampeleke yule mama afisini, na yeye Karani akalime mihogo.

Kesho yake Bwana Karani aliniita nimwandikie nakala safi ya barua kwa wazee wa kanisa. Alieleza kwamba maua yake yalikuwa yakimtoka na kuonekana kwa jirani kwa njia isiyoeleweka. Sikupendezwa na maneno hayo, niliona barua haina chumvi. Nikayafuta, nikaandika "kwa njia ya hirizi". Niliogopa atakasirika. Aliisoma yote kwa utulivu, akasahihisha mkato mmoja, akatia sahihi.

Shauri likasikilizwa barazani mwa kanisa. Mimi nilikuwa mwandishi, kwa sababu ya cheti. Mama wa Bondeni alisimama amefunga kanga kiunoni, mikono ina udongo.

"Maua haya uliyapanda?" akauliza mzee wa kanisa.

"Sikuyapanda, baba."

"Uliyanunua?"

"Sikuyanunua."

"Mtu alikupa?"

"Hakunipa mtu. Yalikuja. Kila mwaka yanakuja na masika."

Watu wakaguna. Mzee akamwuliza yalikuja kwa miguu gani. Mama wa Bondeni akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini moto unaunguza, kisha akageuka upande wa Bwana Karani.

"Mwulizeni Bwana Karani," akasema. "Yeye amesoma."

Wote tukamgeukia. Bwana Karani alivua miwani, akaifuta, akaitazama kwenye mwanga, akaifuta tena. Aliifuta kwa muda ambao ungetosha kufuta madirisha ya kanisa zima. Nami nikachovya kalamu nikaandika kwa mwandiko bora kabisa: mshitakiwa amekiri kwamba yalikuja.

Wazee wakaamua atengwe, asikanyage ndani ya kanisa mpaka aungame hirizi na kuifukua. Maua, kwa haki, yarudishwe kwa mwenyewe.

Hukumu hiyo, wakati mwingine wowote, mtu angeibeba. Lakini binti yake, yule wa kichwa kisicho na jiwe, alikuwa amekwisha kutangazwa kanisani mara mbili, na harusi ilibaki wiki tatu. Mchumba alikuwa fundi wa watu, nguo imeshonwa, mchele umeagizwa. Mama mjane mwenye mtoto mmoja hana harusi nyingine ya kungoja. Watu wakamwendea kumsihi aungame tu, aseme neno moja, afukue hata kokoto, amwone mwanawe akivishwa pete. Mke wangu alikwenda. Akarudi ameudhika. Mama wa Bondeni alikuwa amemjibu kwamba akikubali leo kuwa mchawi ili aingie kanisani, kesho mwanawe ataitwa mtoto wa mchawi, naye atakuwa amemwoza na jina hilo.

Wiki moja kabla ya harusi nilikuwa barazani kwa Bwana Karani nikipaka rangi vibao, binti akaja. Alipiga goti, akasalimu. Bwana Karani akamwitikia bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Bwana Karani," akasema binti, "uliniandikisha mara hamsini kwamba kila kitu kina sababu yake."

"Ndiyo."

"Basi nenda ukawaambie sababu. Mama anasema unaijua."

Bwana Karani akakunja gazeti. Akasema shauri liko mikononi mwa wazee. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na leso mpya ya hariri, zawadi ya harusi, akamwekea mkononi. Binti aliiacha juu ya debe la petunia akashuka zake. Nami nikafikiri, na Mungu anisamehe, kwamba watoto waliosoma hawana shukrani.

Siku ya harusi kanisa lilipambwa kama sijapata kuona. Vijana walikuwa wameshuka asubuhi bondeni kurudisha maua kwa mwenyewe, na mwenyewe, yeye asiyepata kumpa mfiwa petunia moja, aliyatoa yote. Yaliwekwa madhabahuni, yakafungwa kwenye viti, yakajazwa madebe. Mhubiri akamshukuru Bwana Karani kwa bustani yake, naye akainamisha kichwa. Bibi harusi alipita katikati ya zinia ambazo mama yake alizifunga ukili moja moja. Mama mwenyewe alisimama nje, upande wa dirisha la kusini, amevaa kanga mpya, apate kuona ndani. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kupanga madebe. Nililiona dirisha la kusini liko wazi na tupu, nikalijaza. Nikaweka debe kubwa kuliko yote, zinia nyekundu, kosmosi juu yake, limeziba toka kizingiti hadi boriti ya mtambaapanya. Nilipogeuka niliona kipande cha kanga nyuma ya majani, kinasogea kushoto, kinasogea kulia, kinatafuta mwanya. Nikadhani ni mtoto, nikasema "shh".

Tangu siku ile Mama wa Bondeni hakuhama, hakugombana na mtu, hakurudi kanisani hata wazee walipochoka na hukumu yao na kumtumia salamu kwamba anaweza kurudi. Alifanya jambo moja. Masika yaliyofuata, miche ilipochomoza baina ya matuta, alipita na jembe akaing'oa yote pamoja na magugu. Mwezi wa saba ukaja na bonde lilikuwa kijani tupu. Mwaka wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Mihogo yake ilikuwa minene ajabu. Watu wakasema dawa imeisha nguvu, nami nikakubali, nikaeleza na sababu za kitaalamu.

Bwana Karani aliendelea na Aprili zake. Vita viliisha, Mzungu wa bahasha akarudi kwao, lakini bahasha zikawa zinakuja bado, sijui kwa mapenzi ya nani. Alistaafu. Petunia zikafa, na madebe kuku wakatagia. Vibao vikafifia maandishi. Jioni saa kumi na moja bado alisimama ukingoni, mikono nyuma, akatazama bonde la kijani.

Mimi nilipata kazi upande wa Likoni, nikahamia huko, na mara ya mwisho niliyokwenda kumsalimu ilikuwa siku za mwanzo za Aprili, miaka kadhaa baada ya vita. Mawingu yalikuwa meusi, yamekaa juu ya kilima kama ng'ombe waliolala. Nilimkuta nje. Macho yalikuwa yamemwisha kweli, miwani sasa ilikuwa na kazi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa sauti ileile ya kunikosoa, ingawa sikuwa nimekosea.

Hakuwa kwenye mistari yake. Pale penye vibao hapakuguswa na reki. Alikuwa amechuchumaa ukingoni kabisa mwa uwanja, pale kilima kinapoanza kuporomoka kuelekea kwenye mihogo, amezungukwa na bahasha zilizochanwa, kumi au kumi na tano, za mwaka ule na za miaka iliyopita. Alikuwa akizimimina chini. Hakupima, hakufukia. Alikung'uta bahasha hadi punje ya mwisho, akachukua nyingine.

Chini bondeni Mama wa Bondeni alikuwa akirudishia udongo kwenye matuta yake. Aliinua kichwa, akatuona, akaendelea.

Nikamwambia kwa adabu, "Bwana Karani, hapo umepakosea. Mvua ikija itazizoa zote."

"Ndiyo," akasema.

"Zitakwenda bondeni."

"Ndiko zinakoota. Kwangu hazijapata kuota hata mwaka mmoja." Akakung'uta bahasha nyingine. "Nazitia nyingi, labda mwaka huu zitampita moja mbili asizione."

Nikachuchumaa karibu naye, nikateremsha sauti, kwa kuwa yule mama alikuwa akisikia vizuri. Nikamwuliza kama haogopi, hirizi ile ikiwa bado imezikwa pale, kuilisha namna ile kwa mikono yake mwenyewe.

Alinigeuzia uso polepole. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipokosea kujumlisha, ila safari hii hakukasirika.

"Hirizi gani, bwana?" akasema. "Ni maji tu. Kwangu ni juu, kwake ni chini. Mvua ikinyesha, mbegu zinashuka. Nilijua tangu mwaka wa kwanza."